Waliozimia kwa Shairi la Sultani

Sultani wa Kitundani alipenda mashairi, na balaa ni kwamba aliyatunga mwenyewe. Basi wakubwa wote wa mji nao wakawa wapenzi wa mashairi. Mabibi walificha vitunguu kwenye mitandio wapate kulia vizuri, na desturi ya kasri ilikuwa moja: asiyesikiliza mpaka ubeti wa mwisho hali pilau.

Mbaruku, mpiga zumari wa kasri, hakulia. Sultani akamkazia macho.

"Kesho shairi langu lisipokugusa, utahama mji huu."

"Nimekusikia, Maulana."

Kesho yake, mshororo wa kwanza tu, Mbaruku alianguka chali, akazimia. Walipommwagia marashi alizinduka akinong'ona, "Kumbe wanaolia huwa hawajaelewa."

Sultani alimvua waziri joho, akamvika Mbaruku. Wakubwa wakatazamana kwa husuda.

Ijumaa baraza lilifurika. Sultani alisoma mshororo wa kwanza. Waziri akaanguka puu, kadhi akafuata, mabibi wakalala kama mikungu ya ndizi. Hakuna aliyethubutu kuzinduka kabla ya mwenzake, asije akaonekana hakuelewa sana.

Mbaruku peke yake alikuwa amekaa wima.

"Wewe, mbona hukuzimia?"

"Nimejikaza, Maulana. Nikizimia na mimi, utamsomea nani?"

Sultani akaona ni kweli, akamsomea mpaka mwisho. Masinia yakafunuliwa. Mbaruku akanawa mikono, akala kwa nafasi, na pale sakafuni waziri, akiwa amezimia vilevile, akameza mate.