Sigara ya Kutumwa

Hii imenifikia kutoka kwa binamu yangu, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu, hasa wewe uliyewahi kutumwa dukani.

Katika mji mmoja mdogo wa milimani alikuwapo mzee Shekiango, mwenye duka alilorithi kwa baba yake. Siku moja bwana afya alimkuta akimpa sigara iliyowashwa Mwanaidi, msichana wa miaka tisa, mjukuu wa rafiki yake Mbelwa. Mzee akajitetea kwamba mtoto katumwa tu. Bwana afya akamwandikia onyo.

"Kosa moja haliachi mke, mzee wangu," alimwambia. "Lakini nikisikia jingine la kumuuzia mtoto, duka linafungwa miezi mitatu."

Shekiango alinuna wiki nzima. Kila mteja aliambiwa kwamba dunia imeharibika. Zamani mtoto alikuwa wa wote. Mzee yeyote akimtuma, anakwenda mbio. Yeye na Mbelwa walitumwa sana sigara na wazee wa mtaa. Kiberiti kilikuwa adimu, kwa hiyo sigara iliwashwa palepale dukani, kwenye kamba ya katani iliyofuka moshi mlangoni. Kazi ilikuwa kuifikisha ikiwa bado inawaka. Ikizimika njiani, konzi inakungoja. Basi unaivuta kidogo, unakimbia, unaivuta tena. Walishindana nani ataifikisha, na hapakuwa na bingwa kama Mbelwa, ambaye hata uzeeni hakuiacha desturi ya sigara kuwashiwa dukani, ingawa viberiti vilijaa kila mahali. Ya kale dhahabu, Shekiango alisema, na machozi yalimlengalenga kwa jinsi alivyozitamani siku zile.

Alhamisi moja mchana, Mwanaidi akaja tena.

"Shikamoo babu. Babu Mbelwa anasema umpe sigara moja, uiwashe."

Mkono wa mzee ulishaifikia pakiti. Akalifikiria duka la baba yake, akaurudisha. Alimwambia mtoto aende, sheria imekataa. Mwanaidi akaondoka kichwa chini, na mzee akaona aibu. Kwao, kumrudisha mikono mitupu mtoto aliyetumwa na mzee mwenzio ni sawa na kumtukana mzee huyo. Hakuvumilia. Alifunga mlango, akatia pakiti mfukoni, akaenda kuomba radhi mwenyewe. Kumpelekea mtu mzima, alijiambia, hakuna sheria inayokataza.

Alimkuta Mbelwa uani, kajifunika blanketi juani, kifua kikipiga miluzi. Kando yake Mwanaidi alikuwa akichambua maharage. Mbelwa alilaumu kidogo, wakapatana, na haukupita muda wakawa wanakumbushana zile mbio za utotoni. Walicheka mpaka Mbelwa akashikwa na kikohozi kilichomkunja na kukataa kumwachia.

Kilipotulia, Mwanaidi akasema kwa fahari, "Hata mimi, babu. Haijawahi kunizimikia njiani."

Hakuna aliyecheka.

Shekiango alimtazama mtoto, kisha rafiki yake. "Sisi tulianza na umri gani?" akauliza.

"Huu wa huyu," Mbelwa akajibu. "Na mimi sijaacha tangu hapo."

Pakiti haikutoka mfukoni. Shekiango alirudi kwake polepole, na kwa mara ya kwanza zile siku alizozipenda zikamuuma.

Kesho yake asubuhi alikwenda ofisini kwa bwana afya bila kuitwa, leseni mkononi. Akaeleza kwamba siku ile aliyokutwa haikuwa ya kwanza. Alikuwa akimuuzia mtoto yule mwaka mzima. Bwana afya alishangaa, akamkumbusha kwamba maneno hayo yatalifunga duka miezi mitatu. Mzee akasema anajua.

"Nani amekushtaki, mzee wangu?"

"Mtoto mwenyewe," alisema Shekiango. "Naye alidhani anajisifu."

Duka likafungwa miezi mitatu, wala hakuomba apunguziwe hata siku moja.

Funzo: Si kila cha zamani tunachokililia kilitulea; vingine vilituumiza huku tunacheka. Kabla hujailaumu sheria iliyokugusa, mtazame kwanza mtoto inayemkinga.