Ndoo Arobaini za Kiboko

Watoto, hadithi yangu iko mlangoni!

— Ifungulie, iingie!

Imekuja na nini?

— Na uongo wake, na utamu wake!

Basi isogezeeni kigoda, ikae.

Hapo kale, kale isiyo mbali sana, wanyama wa Bonde la Mikwaju walikuwa na kompyuta moja. Moja tu. Iliwekwa kwenye banda la makuti, na mlinzi wake alikuwa Kiboko.

Mwaka huo mvua ilikataa kunyesha. Mto ukakauka. Madimbwi yakakauka. Kikabaki kisima kimoja ng'ambo ya kilima, kisima cha Tembo. Tembo akatangaza, "Maji yapo, lakini sitaki watu wakanyagane. Kila mmoja aandike jina lake kwenye tovuti yangu, apate zamu. Jua la Ijumaa likigusa kilima, orodha nafunga. Asiyejiandikisha hanywi mpaka mvua irudi."

Ijumaa yenyewe ikafika, na katika bonde zima hakuna hata mmoja aliyejiandikisha. Si kwamba hawakutaka. Ilikuwa ni ile kompyuta. Ukibonyeza, ka! kinatokea kiduara kwenye kioo, kinazunguka: zunguu, zunguu, zunguu. Ukurasa haufunguki. Unabonyeza tena, ka! Kiduara kinafanyaje?

— Zunguu, zunguu, zunguu!

Na ukurasa?

— Haufunguki!

Kiboko alikuwa akisema, "Imezeeka hii. Kizee hubembelezwa. Nileteeni tikiti, niibembeleze."

Swala akaleta tikiti. Kiboko akala, bwaku! Zunguu, zunguu, zunguu. Ukurasa haukufunguka.

Nyani akaleta matikiti mawili. Bwaku! Bwaku! Zunguu, zunguu, zunguu. Ukurasa haukufunguka.

"Haijabembelezeka," alisema Kiboko, akijifuta mdomo. "Leteni mengine."

Ndipo akaja Sange. Mnamjua Sange? Yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Alikuwa na watoto wawili, na midomo ya watoto wale ilikuwa imepasuka kwa kiu. Aliwaacha kivulini, akaingia bandani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Tikiti liko wapi?"

"Sina tikiti. Nina swali."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Swali haliliwi, wewe kipua! Nenda kasubiri nje na wenzako."

"Sitoki," alisema Sange. "Kitu hakielemewi bure. Kuna kinachokielemea. Sitoki mpaka nikijue."

Akakaa chini. Akafikiri. Kwanza alitaka kujua jambo moja: ugonjwa uko kwa Tembo au uko hapa? Akamwita Njiwa aliyekuwa juu ya paa.

"Dada Njiwa, mbawa zako ni nyepesi. Niendee kisimani. Tazama kama ule ukurasa unafunguka kwenye kompyuta ya Tembo mwenyewe."

Njiwa akaenda, puru-puru-puru. Akarudi, puru-puru-puru.

"Kule unafunguka fyuu! Kama jani kwenye upepo."

"Basi tovuti ni nzima. Ugonjwa uko hapa," alisema Sange. Akamgeukia Kiboko. "Bwana Kiboko, uzito huu ulianza lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu kulitokea nini?"

"Hakuna kilichotokea. Mimi nilipanga ndoo zangu tu."

Sange akachezesha pua. "Ndoo gani?"

Kiboko akainamisha kichwa, akanong'ona kama mtu mwenye siri tamu. "Wewe hujawahi kuteka maji bombani? Ukitaka kuwahi, unaacha ndoo yako kwenye foleni, unaenda zako. Ndoo inakushikia nafasi. Sasa mimi nimefungua ukurasa wa Tembo mara arobaini. Madirisha arobaini, ndoo arobaini! Kila ndoo na zamu yake. Nyinyi mtakunywa mara moja, mimi nitakunywa mara arobaini. Kila ukurasa ukichelewa, naongeza ndoo nyingine."

Sange akatazama kioo. Kweli, madirisha yalikuwa yamebanana pale kama mbuzi kwenye boma, na kila dirisha lilikuwa na kiduara chake kikizunguka. Akaliangalia kasha la kompyuta. Kiboko alikuwa ameliegemea kwa mgongo, ameziba matundu yote.

"Mbona umeliegemea?"

"Lina joto zuri. Linanikanda mgongo."

"Bwana Kiboko, tafadhali, simama kidogo, halafu funga hizo ndoo zako."

"Nifunge ndoo zangu?" Kiboko akapiga mguu chini, gubu! "Thubutu! Una adabu wewe? Toka!"

Nje jua lilikuwa limeshavuka utosi. Mtoto mmoja wa Sange alikuwa akilamba jiwe, akidhani lina umande.

Sange hakutoka. Hakupiga kelele. Alimwuliza Njiwa, taratibu, kwa sauti ya kusikika vizuri: "Dada Njiwa, kule kisimani, umeona mtu yeyote anayelinda ndoo za Bwana Kiboko?"

Njiwa ni mkweli. "Sijaona hata mmoja."

"Aa," alisema Sange, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mimi sijui mambo ya wakubwa. Ila bombani kuna sheria. Ndoo isiyo na mwenyewe inafanywaje?"

Kiboko akaacha kutafuna. Sheria ile aliijua. Wote waliijua.

"Inapigwa teke," alisema.

"Arobaini zote?"

"Arobaini zote!" Kiboko akaruka juu, banda likayumba. "Ndoo zangu! Tembo ana mguu mkubwa yule!" Akatoka mbio, gubu-gubu-gubu, akapanda kilima, mavumbi nyuma yake.

Je, Sange alidanganya? Aliuliza tu.

Sasa tazameni alivyofanya kazi. Hakukurupuka. Kwanza akayafunga madirisha. Moja, ka! La pili, ka! La tatu, ka! Arobaini ni mengi kwa mkono mdogo, lakini aliyafunga yote, na hakuna hata moja lililokuwa na jina ndani yake. Kiboko alikuwa amefungua mara arobaini, na hajaandika hata mara moja.

Akabonyeza ukurasa. Zunguu, zunguu... Bado. Ila safari hii kiduara kilizunguka kama mtu anayekaribia kuamka.

"Nafuu ipo," alisema Sange. "Kuna kingine."

Akatafuta. Akalikuta pipa la taka la ile kompyuta, limejaa mpaka pomoni. Ndani yake mlikuwa na picha elfu tisa za Kiboko, zile alizozitupa kwa sababu hakutoka vizuri: hapa amefumba jicho, hapa kidevu kimezidi. Alizitupa, lakini pipa hakuwahi kulimwaga. Picha nzuri za Kiboko Sange hakuzigusa. Cha mtu ni cha mtu. Pipa akalimwaga, pwaa!

Akabonyeza. Zunguu... Bado kidogo. Akaligusa kasha. Lilikuwa la moto kama chungu jikoni, na ndani yake kitu kinakoroma: nguruu, nguruu, kwiii.

"Maskini, huna pumzi," alisema Sange.

Akaizima kompyuta, akachomoa waya, akaiacha ipoe. Nje wanyama wakapiga kelele.

"Ameizima!" alilia Nyani. "Jua linashuka, na yeye ameizima!"

"Ameiua!" alisema Swala.

"Subirini," alisema Sange. Na yeye mwenyewe alikuwa akilitazama jua, lakini hakuharakisha mkono. Kasha lilipopoa, akalifungua, akaingiza pua yake ndefu pale kwenye feni. Akapuliza. Fuuu! Likatoka vumbi. Fuuu! Zikatoka nyuzi za makuti. Fuuu! Zikatoka mbegu za tikiti, tatu, nne, kumi na moja.

Akalifunga. Akaurudisha waya. Akaiwasha. Hakuna nguruu, hakuna kwiii. Ikaimba kidogo tu, mmm, kama mtu aliyelala vizuri.

Akabonyeza, ka!

Fyuu!

Ukurasa ukafunguka.

Wa kwanza Sange aliandika watoto wake wawili. Msimseme, mama ni mama. Halafu akajiandika mwenyewe, na Njiwa. Halafu wakaingia wengine kwa jinsi walivyofika bandani wiki ile, mmoja mmoja: Swala, ka, fyuu! Nyani, ka, fyuu! Wa mwisho alikuwa Konokono, aliyetoka kwao Jumanne na alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni.

Mara, gubu-gubu-gubu! Kiboko huyo, anahema, jasho linamtiririka.

"Tembo anasema hajaona ndoo! Anasema yeye anaona majina tu, na langu halipo! Ziko wapi ndoo zangu?"

"Nimezifunga, Bwana Kiboko. Zilikuwa tupu."

Kiboko akaivamia kompyuta. Akaanza kufungua upya, ka! ka! ka! ka! Madirisha yakajaa. Na kiduara kikarudi. Zunguu, zunguu, zunguu.

Jua lilikuwa limebakiza unene wa ukucha kufika kilimani.

Sange angeweza kunyamaza. Wenzake walitaka anyamaze. Nyani alikuwa ameshaanza kucheka. Lakini Sange alijua kiu ilivyo. Akasema, "Bwana Kiboko. Moja."

Kiboko akatazama jua. Akatazama ndoo zake. Machozi yakamlengalenga. Akafunga moja, akafunga nyingine, akafunga zote, ikabaki moja. Fyuu! Akaandika: KIBOKO. Jua likagusa kilima. Orodha ikafungwa.

Kiangazi chote wanyama wa Bonde la Mikwaju wakanywa kwa zamu, na Kiboko alikuwa wa mwisho, nyuma ya Konokono. Kila siku ikawa hivyo. Konokono anafika kisimani, anateleza, anasimama, anatoa pembe, anaonja tone moja, anafikiri, anaonja la pili. Kiboko nyuma yake, ulimi nje.

"Loo, huyu naye!" alilalama Kiboko siku moja. "Amezeeka huyu! Hafunguki!"

Konokono akageuka, na kugeuka kwenyewe kulichukua muda.

"Kitu hakielemewi bure, Bwana Kiboko," alisema. "Mimi nimebeba nyumba. Ungependa nikae niibembeleze kwa tikiti?"

Haya, watoto, hadithi hii inatufundisha nini?

Inatufundisha adabu. Kompyuta yako ikiwa nzito, usiulize ilianza lini. Usifunge dirisha, usimwage pipa, usipulize vumbi, na ole wako umwambie mkubwa asogee. Leta tikiti, keti, subiri. Kama Sange angefuata mafunzo haya, leo watoto wake wangekuwa wamekufa kwa kiu, lakini wakiwa na adabu nzuri sana.

Hadithi yangu imesimama, inataka kwenda!

— Ifungulie, itoke!

Imeacha nini?

— Uongo imeondoka nao, utamu imetuachia!