Jina Moja Juu ya Nota

Hapo zamani, na wala si zamani ya mababu, maana kompyuta ilikwisha kufika parokiani, palikuwa na kwaya katika kigango cha Mkwera. Kwaya hiyo ilikuwa na sheria moja kali: anayeimba nje ya karatasi hufagia kanisa mwezi mzima. Sheria aliiweka Mwalimu Gaudensi, mtunzi wao, na ufagio ule haukuchagua mtu.

Mwalimu alitunga wimbo, "Tumefika Nyumbani". Miaka miwili aliunyoosha kwa penseli daftarini, sauti zote nne. Kisha akamwita Leokadia, ambaye peke yake ndiye aliyeijua programu ya nota.

"Binti yangu, nichapie. Kila silabi ikae chini ya nota yake."

Leokadia akachapa. Sauti ya kwanza, silabi chini ya nota. Sauti ya pili, silabi chini ya nota. Ya tatu, vivyo hivyo. Alipofika kwa besi, sauti ya nne, akaruka nota ya kwanza bila kujua. Maneno yote yakasogea hatua moja, na silabi ya mwisho ikabaki nje, haina nota. Nakala sitini zikagawiwa, na Mwalimu mwenyewe yuko safarini kwenye harusi ya mpwa wake.

Kastuli, kiongozi wa besi, aliliona kosa mara moja. "Jamani, hapa pameharibika," alisema, "lakini mimi ufagio sishiki. Tuimbe kilichoandikwa."

Siku ya mashindano ya kwaya Mwalimu akarudi kutoka harusini, akawahi kiti cha mbele. Wenzao wakaanza "Tu", besi, ambao nota yao ya kwanza haikuwa na neno, wakanguruma "mm". Wenzao "me", besi "Tu". Mwalimu akasaga meno. Leokadia akatamani ardhi ipasuke. Lakini maneno yakawa yanajibizana, watu wakaacha kujipepea kwa vitambaa. Sauti tatu zikamaliza, zikanyamaza. Ndipo besi, peke yao, kwa nota ya chini kabisa aliyoitafuta Kastuli, wakaiweka ile silabi iliyobaki: "ni."

Kanisa zima likalia. Mwalimu naye.

Wakashinda. Wimbo ukachaguliwa kuingia katika kitabu cha jimbo, na barua ikaja: juu ya ukurasa pataandikwa jina moja tu, lifike siku hiyo hiyo kabla ya saa sita mchana.

Mwalimu akasema, "Wimbo ni wangu. Mimi nimezeeka, Leokadia, huo ndio utakaobaki."

Kastuli akasema, "Shikamoo Mwalimu, lakini watu walilia wapi? Kwenye nota ambayo haimo daftarini mwako. Niliizaa mimi."

Leokadia akacheka, kisha akakasirika. "Na wimbo ungezomewa, je? Wote mngeninyooshea kidole mimi. Janga ningelila peke yangu, sasa tunda mnagawana ninyi! Miaka tisa nachapa majina ya watu, langu halijawahi kukaa popote."

Kati ya hao watatu, hakuna aliyesema uongo.

Saa tano na nusu Leokadia aliketi mbele ya kompyuta. Wanaume wawili walisimama nyuma yake, kila mmoja akikohoa kwa zamu. Juu ya ukurasa paliandikwa "Mtunzi", na mbele yake patupu. Alitaka sana kuandika jina lake, na aliona haya kwa kulitaka.

Haya, nyote mnaonisikiliza, njooni mkae kwenye kiti kile, vidole juu ya herufi. Ninyi mngeandika jina la nani?