Povu la Jumamosi

Kuna binti mmoja, wapendwa, tuseme ni wa usharika wa mbali, msije mkaanza kuangaliana. Ameolewa huku juu, karibu na kanisa. Mama yake mzazi anaishi chini bondeni, kando ya mto uleule unaopita nyuma ya kanisa. Binti anaimba kwaya, ana raha na Mungu wake. Mama hataki. Wainjilisti wametumwa, wazee wa kanisa wametumwa, mchungaji mwenyewe kashuka bondeni mpaka soli za viatu zikaisha. Mama anawapikia chai, anawasikiliza vizuri, anawasindikiza mpaka njia panda, na kanisani haji. Binti alilia miaka. Ninyi mlio na mzazi nje ya imani mnayajua machozi hayo, sina haja ya kuyaeleza.

Halafu siku moja mama akasema, "Haya, nitabatizwa, kwa ajili yako."

Kwao ubatizo ni mtoni. Mtu anaingia majini na nguo zake za kila siku, akitoka anavishwa kanzu nyeupe. Kanzu ya mama alikuwa nayo binti. Aliifua, akaitia bluu, akaipiga pasi. Asubuhi ya siku yenyewe anateremka nayo, utelezi ukampiga chini, kanzu puu! kwenye tope. Wewe ungefanya nini? Mama uliyemlilia miaka yote, leo avae tope mbele za watu? Binti akageuka mbio mpaka kule juu, pale kina mama wanapofulia siku zote. Akaimwagia kanzu pakiti nzima ya sabuni ya unga, na dawa ya madoa juu yake, akasugua kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, akasuuza mtoni humohumo.

Huku chini ibada imeanza. Mama yuko majini, yamemfika kiunoni. Mchungaji kamshika bega, mkono wa pili kauinua juu. Mara povu likaja. Wala si kidogo! Jeupe, linanukia, likamzunguka mama pande zote. Watoto wakacheka. Kwaya ikapotezana sauti.

"Tusubiri kidogo," mchungaji akasema, "litapita."

Mama akatikisa kichwa. Akatoka majini, akapanda kuufuata mto, khanga inachuruzika, usharika mzima nyuma yake.

Wakamkuta binti amepiga magoti anakamua kanzu. Imetakata kabisa. Alipomwona mama yake akashtuka.

"Mama! Umeshabatizwa? Nimechelewa?"

"Sijabatizwa, mwanangu. Povu limenikuta majini."

Binti akatazama mikono yake, akatazama mto, akaelewa. Akaanza kulia. "Nisamehe mama, nimekuharibia siku yako."

"Si leo tu," mama akasema taratibu. "Povu hili nalijua. Kila Jumamosi linafika kwangu, mnapofua nguo za kuja kanisani. Nalitenga kwa kata ndipo nichote maji ya kunywa. Wenzako walipokuja kunihubiria, nilikuwa nawatazama walivyopendeza, najiuliza, hawa wakishatakata, uchafu wao wanampa nani?"

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa na furaha mno, sikutaka kukukatisha. Na wao hakuna aliyeniuliza."

Wapendwa, naona mnataka kujua kama alibatizwa. Hilo niachieni. Mimi linaloniuma ni lile jibu lake. Miaka yote tulidhani moyo wa yule mama ni mgumu. Kumbe alikuwa anatusoma, kila wiki, kwenye ndoo yake. Tulikwenda kwake na maneno mazuri, na mto ukawa umetutangulia kufika.

Kufua si dhambi, jamani. Mungu hapendi tunuke. Na binti yule simhukumu, alifua kwa upendo, kama mnavyofua ninyi kwa ajili ya watoto wenu. Lakini upendo ule uliishia kwenye kanzu. Sisi tuufikishe chini bondeni. Chota maji kwenye beseni, fulia mbali na ukingo, tia sabuni kiasi, ile dawa kali iache dukani. Maji machafu yamwage kwenye majani, ardhi iyachuje, yasirudi mtoni. Najua ni kazi zaidi, na mgongo unauma. Ndiyo maana ninyi akina baba mnaocheka hapo nyuma mtabeba ndoo. Hayo mashati meupe mliyovaa, nani kasema hayawahusu?

Kila mmoja wetu ana mtu anayemwombea kwa jina aje hapa ndani. Tuendelee kuomba. Ila Jumamosi hii, kabla ya kumwomba Mungu amlainishe, tumwachie maji safi. Kisha twende kwake tumuulize anaona nini akitutazama. Na akianza kujibu, tafadhali, asiwepo wa kumkatiza.