Mkono wa Kushoto wa Nahodha

Msimulizi wa kisa hiki ameapa mbele ya mkewe, akiwa na akili timamu na miwani puani, kwamba kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Likipatikana hata moja la uongo, ataosha vyombo vya nyumba nzima mpaka msimu ujao wa mbio uanze. Mkewe aliguna tu, akaendelea kusugua sufuria.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Maana yake ni kwamba kitu kikikupendeza kwa jinsi kinavyokwenda, usidhani kimejitengeneza chenyewe. Yupo aliyekipigilia misumari, na huenda ulimpita njiani asubuhi bila hata kumsalimu.

Basi, palikuwa na timu ya kulipwa ya mbio za baiskeli za barabarani. Ilikuwa na basi lake, fundi wake, na jezi za rangi ya chungwa zilizong'aa kiasi kwamba ng'ombe wa kando ya barabara waliacha kula wakafumba macho. Nahodha wake alikuwa mwembamba kama sindano, na mlimani alipanda kama moshi. Picha yake ilibandikwa ubavuni mwa basi, kubwa kuliko mlango. Na katika timu hiyohiyo alikuwamo mtu mmoja mwenye mgongo mpana na maneno machache, ambaye wenzake walimwita Chupa.

Chupa hakuwahi kushinda mbio zozote, hata zile za kuwahi bafu hotelini. Kazi yake ilikuwa kurudi nyuma mpaka kwenye gari la timu, kuzishindilia chupa za maji ndani ya jezi, kifuani na mgongoni, hadi akafanana na kobe mjamzito, kisha kulifukuza kundi la waendeshaji na kuwagawia wenzake. Siku ya joto kali alibeba chupa kumi na saba kwa mkupuo mmoja. Asicheke mtu, kiapo kimeshaliwa. Upepo ulipovuma, alikaa mbele ya Nahodha akaupokea yeye, maana anayejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake hutumia nusu ya nguvu tu. Na usidhani ni upepo wa kupepea chai. Siku moja uling'oa namba mgongoni mwa mwendeshaji mmoja ukaibandika mgongoni mwa mwingine, na waamuzi wakampa kombe mtu aliyekuwa bado njiani.

Nahodha alikuwa na mazoea yake. Hakuomba maji kamwe. Alinyoosha mkono wa kushoto pembeni, kiganja juu, bila kugeuza shingo, na chupa ikatua. Akiunyoosha tena, ilitua ndizi iliyokwisha kumenywa. Miaka yote hiyo hakujiuliza vinatoka wapi, kama vile mtu asivyojiuliza mate yake yanatoka wapi.

Katikati ya msimu timu ikapata Meneja mpya. Naye alikuwa bingwa wa zamani, makombe yake yalijaza kabati mpaka viatu vikahamia chini ya kitanda. Aliuliza Chupa ameshinda nini tangu aajiriwe. Wenzake wakatazamana, fundi akajifanya anatafuta spana. Jioni hiyo akamwita Chupa pembeni, akamwambia kwa sauti ya upole unaochoma kwamba katika mbio za milimani atapumzika nyumbani, na nafasi yake watapewa vijana wawili wenye kasi. Mambo yakienda vizuri bila yeye, basi mkataba wa mwakani asiusubiri.

Chupa hakubisha. Alikunja jezi zake, akaenda kwa dada yake. Hakuwa mtu wa kununa, ila baiskeli ndiyo kazi aliyoipenda, na nyingine hakuijua. Siku ya mbio aliketi sebuleni mbele ya televisheni. Jua lilipopanda kule milimani, dada yake alitoka jikoni akamkuta amesimama, glasi ya maji mkononi, akimnyooshea Nahodha kwenye kioo.

"Mdogo wangu," dada alimwambia, "utaniharibia televisheni."

Kule mlimani mambo yalikuwa moto. Wale vijana wawili walikuwa fahali kweli, na kila mmoja alitaka zizi lake. Walichomoka kama mishale, wakamwacha Nahodha peke yake na upepo wake. Koo lilipomkauka, akanyoosha mkono wa kushoto. Hakikutua kitu. Akauacha mkono hewani, muda wa kutosha kuchemsha yai, mpaka mpinzani mmoja mtundu akamwekea ganda la ndizi. Nahodha alilitafuna nusu nzima ndipo akagundua kwamba mwenye nyumba hayumo. Baada ya hapo miguu ikawa uji. Uongozi wake katika pointi za msimu, uliokuwa mnene kama godoro, ukabaki mwembamba kama shuka, na ubingwa ukasubiri mbio za mwisho.

Usiku ule mezani aliuliza, kama mtu anayezinduka, ni nani siku zote alikuwa akimpa maji. Fundi akaelekeza kijiko kwenye kiti kitupu cha Chupa. Akasukuma sahani, akasema Chupa asiporudi, yeye hali.

Chupa akaitwa. Meneja alimngojea kwenye ujia wa hoteli, mikono mifukoni.

"Nimekurudisha kwa sababu yule amegoma kula," alisema. "Lakini mimi naajiri washindi. Kesho usipoinua mikono juu kwenye mstari wa kumalizia, mwakani usinipigie simu."

"Nitajitahidi, bosi," Chupa akamjibu. "Ila mikono yangu huwa imejaa."

Siku ya mwisho ilikuwa na uwanda mrefu, kisha mlima mmoja, na mstari wa kumalizia kileleni. Uwandani Chupa alikaa mbele ya Nahodha akila upepo asubuhi nzima, akirudi garini, akijazwa, akigawa. Chini ya mlima palikuwa na kona yenye mchanga. Mmoja aliteleza, kumi wakamfuata, na Nahodha akanaswa nyuma ya vurugu. Chupa, aliyekuwa mbele, alipita bila kujua. Akakanyaga, akakanyaga, akawaacha hata waliokuwa pembeni yake, na mara akashangaa. Kwa mara ya kwanza maishani aliiona barabara bila makalio ya mtu mbele yake. Ilikuwa nzuri.

"Umeongoza wewe!" sauti ya Meneja ilipasuka kwenye redio ya sikioni mwake. "Nenda, usigeuke!"

Miguu ilikuwa myepesi. Mkataba ulikuwa pale juu, unaonekana. Lakini mazoea yana shingo yake; Chupa akageuka. Kule chini aliiona jezi ya chungwa ikiyumba peke yake, na pembeni yake mkono wa kushoto umenyooshwa, kiganja juu, ukingoja.

Akafunga breki. Katikati ya mlima, anayeongoza mbio akafunga breki, na watu kando ya barabara wakashika vichwa. Wapinzani wanne wakampita, mmoja akamwuliza kama ni mgonjwa. Redioni Meneja alisema maneno ambayo mke wa msimulizi hakuruhusu yaandikwe.

Nahodha alipofika, chupa ikatua mkononi. Kisha ndizi, imemenywa.

"Ulikuwa unashinda wewe," Nahodha alisema, mdomo umejaa.

"Nilikuwa napita tu. Kula. Halafu ukae nyuma ya mgongo wangu."

Akamvuta. Alimvuta mpaka rangi ya baiskeli ikaanza kubanduka kwa upepo, wakawafikia wale wanne, na hapo Chupa akajitupa pembeni kama ganda. Nahodha akapanda kama moshi wake wa zamani, akavuka wa kwanza, na ubingwa wa msimu ukawa wake. Chupa yeye alikuja polepole mno. Konokono mmoja wa ukingoni alimtakia safari njema akatangulia.

Jukwaani jua lilikuwa kali. Mtangazaji akamsogezea Nahodha kipaza sauti, akamwomba aseme siri ya ushindi wake. Nahodha akafungua kinywa, koo kavu, na bila yeye kujua mkono wa kushoto ukanyooka pembeni, kiganja juu. Ukabaki hapo. Umati ukautazama.

Meneja aliutazama kuliko wote. Akakumbuka mgongo mmoja wa enzi zake, aliojificha nyuma yake akishinda makombe yale ya kabatini. Jina la mwenye mgongo hakulikumbuka, na hilo likamwuma. Akageuka, akamwona Chupa ndiyo kwanza anafika, anakokota baiskeli, chupa moja imebaki kifuani. Akaichukua, akapanda ngazi yeye mwenyewe, akaiweka kiganjani.

Nahodha akanywa, kisha akamtazama. "Si wewe," alisema, na kipaza sauti kikayanasa maneno. Umati ukacheka. "Mlete mwenyewe."

Chupa akapandishwa. Nahodha akamshika mkono mmoja akauinua juu, na Meneja, baada ya kusita kidogo, akauinua wa pili.

"Haya, umeinua mikono," Meneja akamnong'oneza. "Mwakani uripoti mapema."

Msimu uliofuata picha ya basi ilibadilishwa. Nahodha yumo, lakini mbele yake upo mgongo mpana uliotuna kwa chupa.

Hapo msimulizi aliweka kalamu chini kwa kuridhika. Mkewe akakichukua kisa, akasoma mpaka kwenye zile chupa kumi na saba. Alileta jezi ya zamani ya mumewe, akamvalisha, akaanza kushindilia chupa za jikoni. Ya kumi ikachomoka, ikabingirika chini ya meza. Msimulizi akajitetea kwamba kifua cha Chupa kilikuwa kipana zaidi. Mkewe akamkabidhi sifongo.

Na msimulizi alipozamisha mikono kwenye povu, aliona lundo la vikombe, akakumbuka kwamba siku zote alizokuwa akitunga, kila aliponyoosha mkono wa kushoto bila kuinua macho, palitua kikombe cha chai. Akaviosha vyote, taratibu, akiimba puani. Kweli, ukiona vyaelea, vimeundwa.