Vyungu vya Ngiri na Nyumba ya Konokono

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, maana leo namsema tajiri, na tajiri hasikii sauti ndogo.

Hapo zamani za kale Ngiri alikuwa na kiwanda cha vyungu. Kima alifinyanga, na Konokono alitambaa juu ya kila chungu akikilainisha kwa ute wake mpaka king'ae. Vikishachomwa, Ngiri mwenyewe alivipanga ndani ya shimo analolala, kwa kuwa hakumwamini mtu. Sasa vyungu vikawa vinapungua. Tajiri kukasirika ni haki yake, mali ni yake. Lakini hasira ni kitu kimoja na akili ni kingine, na Ngiri alijaliwa kile cha kwanza tu.

Akamwajiri Kinyonga awe mpelelezi, jicho moja mbele, jicho moja nyuma. Kinyonga akawafuata kazini. Akawafuata mtoni wanakooga. Akawafuata mpaka majumbani, akamchungulia Kima akigombana na mkewe. Kila akiulizwa, alijibu kwamba ametumwa na Tajiri. Kazi gani hiyo ya mtu mzima, kwenda kunusa mboga za wenzake?

Hakuambulia kitu. Ndipo Ngiri akamgeukia Konokono, kwa sababu ndiye pekee aliyekuja kazini na nyumba yake. Akamwamuru atoke ndani ya gamba likaguliwe, la sivyo asirudi tena kazini. Jamani, chungu cha pilau ya harusi kifichwe kwenye nyumba ya ukubwa wa ndimu!

Konokono akawaza. Akitoka ndani ya gamba, jua litamuua. Akikataa, kazi hana, na wanawe watakula nini? Hofu ilimjaa, lakini hasira ilizidi.

"Tajiri," akasema, "chungu ni chako, kikague. Kikapu ni chako, kikague. Kazi yangu ni yako, ikague mchana kutwa. Lakini humu ndani ni kwangu."

"Asiyeiba haogopi kukaguliwa," Ngiri akajibu.

"Basi na wewe huogopi. Kinyonga amefika kwetu sote. Kwako amefika?"

Wafanyakazi wakaguna. Ngiri akavimba, akasema nyumba yake ni safi, waje wajionee. Akaongoza njia mpaka shimoni. Na Ngiri mnamjua, huingia kwake kinyumenyume, akitanguliza makalio. Akaingia. Kraa! Akasogea kidogo. Kraa! Akajigeuza akae vizuri. Kraa!

Kinyonga akaelekeza macho yote mawili humo ndani. Vigae vitupu, tangu mlangoni mpaka chini. Kumbe kila jioni tajiri alikuwa akiingia, akivunja, akisikia mlio nyuma yake, na asubuhi akiwaita wenzake wezi!

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ngiri alijikunyata juu ya vigae, pembe zote na ukubwa wote ule, akajaribu kuziba mlango kwa kichwa.

"Jamani, msichungulie," akasema. "Nyumba ya mtu ina heshima yake."

Konokono alitambaa taratibu kurudi kwenye kazi yake, na nyumba yake mgongoni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka kunipekua mfukoni, aanze na mfuko wake.