Jina Lisilokuwamo Wimboni

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale, maana hadithi hii haimalizwi na anayeisimulia. Nitawapeni yaliyotendeka kama nilivyoyapokea. Mahali ambapo hakuna anayejua, nitasema kwamba hakuna anayejua. Hukumu ni yenu.

Katika nchi kavu ya mashamba ya uwele na nyumba za tembe alikuwako mpiga zeze, Mzee Madeje. Alikuwa na dada yake, Mbeleje, na watoto watatu: Chihoma mzaliwa wa kwanza, Ndahani wa pili, na Nyemo, binti, kitinda mimba.

Ndahani alipewa mkono. Alikaa miguuni pa baba yake tangu utoto, na hapakuwa na mlio wa zeze lile ambao hakuweza kuurudisha. Mzee alikuwa na kidole kimoja kilichopinda baada ya kukanyagwa na ng'ombe, kwa hiyo mahali fulani sauti ilichelewa kidogo kutoka. Ndahani, mwenye vidole vizima, alijifunza hata kule kuchelewa. Watu walimsifu, kisha wakanong'onezana: "Anapiga sawasawa, lakini hata mbuzi hasimami kumsikiliza."

Nyemo alipewa moyo. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo. Aliingia wimboni kabla ya wakati au baada ya wakati, akauanza juu na kuumaliza chini. Baba yake alikuwa akimwambia, "Nyamaza, mwanangu, ng'ombe anakamuliwa, utarudisha maziwa." Lakini akiimba msibani, hata wale waliofuata chakula walisahau chakula. Aliolewa Morogoro, akakaa huko miaka mingi bila kuja kumtazama mzee.

Mbeleje alipewa sikio. Hakupiga wala hakuimba. Aliwaongoza wanawake katika kuitikia, naye alimjua kila aliyewahi na kila aliyechelewa. Akiinua kiganja, ua mzima ulinyamaza.

Ukoo ule ulikuwa na wimbo wa kuwaita watoto kutoka machungani. Zeze lilitaja jina kwa milio yake, mwimbaji akaliimba, kisha zeze na sauti vikanyamaza na kuacha nafasi. Mtoto, popote alipokuwa, akaitikia, "Nipo!" Jina la mtoto liliingizwa wimboni siku alipotoka na ndama kwa mara ya kwanza. Akiwa mgonjwa, mzazi wake alimwitikia. Tena walikuwa na sheria moja: aliyeitika amekwisha kuingia uani, hata kama miguu yake ingali nje.

Chihoma alikuwa na binti, Sechelela. Meno yake ya utoto yalikuwa hayajang'oka, na ndama alikuwa hajapewa. Alishikwa na homa, akafa. Siku hiyo Mzee Madeje alikuwa mbali, akipiga zeze harusini. Mjumbe alimkuta amekaa katikati ya watu, akamwinamia sikioni. Mzee akasema, "Nimeahidi. Harusi ya watu haikatwi katikati." Akapiga mpaka mwisho. Aliporudi, kaburi lilikuwa limekwisha kufagiliwa.

Chihoma alimsubiri kwenye mlango wa ua wa miiba. "Baba," alisema, "hukumfukia mwanangu. Mimi nami sitakufukia. Ua huu siingii tena." Akahamisha kaya yake ng'ambo ya korongo.

Alichojibu mzee, kama alijibu, hakuna anayejua.

Miaka ikapita, mzee akaugua. Ndahani alimlisha na kumwogesha. Nyemo alifika mwisho kabisa. Mzee akawaita hao wawili pamoja na dada yake, akasema, "Mkono wa kwanza wa udongo ni wa Chihoma. Asipoutia, msinifunike. Atakayemwingiza ndani ya ua huu, zeze ni lake, alifanye atakavyo." Hayo yakawa maneno yake ya mwisho.

Kaburi lilichimbwa uani, karibu na zizi. Chihoma alikuja, lakini aliishia nje ya ua. Akakaa juu ya jiwe na kuipa nyumba mgongo. Wachimbaji wawili waliegemea majembe yao.

"Huyu amefuata nini?" aliuliza mmoja.

"Kuhakikisha. Wengine hawasadiki mpaka waone."

"Shii, bwana, atakusikia."

"Na asikie. Jua linakwenda, na maiti hangoji watu wamalize ugomvi."

Mkubwa wa ukoo alitoka kwenda kumsihi, akarudi peke yake. "Anasema kiapo si shuka, kwamba utakivua ukisikia joto."

Ndipo Ndahani alipoingia ndani na kutoka na zeze la baba yake. Alikaa kando ya maiti, akaanza kukaza nyuzi, moja baada ya nyingine, bila haraka, uso mkavu kama ngozi iliyoanikwa. Wanawake wakaguna. "Mwana gani huyu? Baba yake amelala hapa, yeye anakaza nyuzi!" Ndahani akamaliza uzi wa mwisho. Akavuta upinde, ukatoka wimbo wa kuitia watoto, na aliyekuwa akipiga alikuwa mzee mwenyewe. Kidole kile kilichopinda kilichelewa palepale kilipokuwa kikichelewa. Vikongwe wawili waliutazama mkeka wa maiti. Nje ya ua, Chihoma aligeuza kichwa, akashika goti lake kama mtu anayetaka kusimama. Hakusimama.

Wimbo ulitaka mwimbaji, na aliyekuwa nao tangu zamani alikuwa maiti. Nyemo akafungua kinywa. Aliingia nje ya wakati, kama kawaida yake, na sauti ilikwaruza mpaka watu wakakunja nyuso, halafu nyuso zikaanza kulowa. Akaita, "Chihoma!" Nafasi ikapita tupu. Akaita, "Ndahani!" Ndahani akaitikia bila kuinua macho. Akajiita mwenyewe, akajiitikia kwa kilio. Hapo ndipo wimbo ulipokuwa ukiishia, na Ndahani alikwisha kuanza kuteremsha upinde. Nyemo akavuta pumzi, akaita jina ambalo halikuwamo.

"Sechelela!"

Ndahani hakupata kuacha kosa lipite maishani mwake. Angeweza kulifunika, angeweza kunyamaza. Aliurudisha upinde juu ya nyuzi, akalitaja jina lile kwa zeze, kwa mkono wa baba yake, pamoja na kule kuchelewa, jina ambalo baba yake hakuwahi kulipiga. Kisha akanyamaza, akaacha nafasi kama mzee alivyokuwa akiiacha.

Mlangoni pa nyumba wanawake walikuwa wamekwisha kufumbua vinywa. Msibani jina la marehemu likitajwa, huzibwa kwa yowe, ndivyo walivyozoea. Mbeleje akainua kiganja. Mmoja hakumwona, na Mbeleje akamziba mdomo kwa mkono wa pili. Ua ukanyamaza hata ikasikika kengele ya mbuzi huko korongoni.

Nje ya ua sauti ya mwanamume ikasema, "Nipo."

Kama alijua kwamba amesema, sijui. Chihoma alisimama, akapita mlango wa miiba, na watu wakampisha. Maiti akateremshwa. Chihoma akachota udongo kwa mikono miwili, akautia. "Huu ni wako, baba." Akachota tena. "Na huu ni ule ambao hukuutia." Kisha akatoka bila kula wala kunawa.

Siku ya kuanua matanga, wazee waliliweka zeze katikati na kuuliza ni la nani.

Ndahani alisema, "Jina la Sechelela kaka amelisikia mara ngapi? Mkewe hulitaja akitwanga, hulitaja akichota maji, na kaka hajawahi kusogea. Alikuwa akingoja baba amwite mtoto wake. Baba hakuweza tena. Aliyempa mkono wa baba ni mimi."

Nyemo akasema, "Mkono wa baba haukumwita mtoto yule hata siku moja. Wimbo ungeachiwa wewe, ungeishia pale unapoishia, safi kabisa, na kaburi lingekuwa wazi hata leo."

"Ulikosea."

"Nilikosea, ndiyo."

Mzee mmoja akamwuliza, "Binti, ulikusudia?"

"Sijui, baba. Nilikuwa nalia."

"Mimi nilimlisha," alisema Ndahani. "Nilimgeuza kitandani asioze mgongo. Wewe umekuja kulia siku moja."

"Na wewe hata hiyo moja hukulia, kaka."

Ndahani aliitazama mikono yake. "Ningelia, upinde ungetetemeka," alisema. "Ungetetemeka, asingemjua baba."

Mbeleje ndiye aliyesema kisha.

"Nimewasikia wanangu. Mmoja alipiga, mmoja aliita. Lakini Chihoma hakuingizwa kwa kupigiwa wala kwa kuitwa. Aliingia kwa kuitika, na nafasi ya kuitikia niliishika mimi. Wale wanawake wangepiga yowe, mngempata wapi?"

"Shangazi," alisema Ndahani taratibu, "wewe zeze la nini?"

"La kuni."

Watu wakashtuka. Mbeleje hakupandisha sauti. "Kaka yangu alisema, alifanye atakavyo. Siku tulipomzika mjukuu wetu, zeze hilo lilikuwa likichezesha watu. Nikipewa mimi, halilali tena nyumba hii."

"Wewe dada mtu, huoni haya?" alisema mkubwa wa ukoo.

"Haya niliona siku ile, nikiwa nimesimama makaburini pamoja na Chihoma, watu wakiuliza babu yuko wapi. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Mkubwa wa ukoo akawageukia wazee wenzake.

Ikaonekana afadhali aulizwe Chihoma mwenyewe, maana ndiye aliyeingizwa. Wakatuma mtu ng'ambo ya korongo. Alikuja mpaka uani, safari hii bila kusita, akasimama mbali na zeze. Wakamwuliza: ni mkono, ni sauti, au ni kimya?

"Nilimwitikia mwanangu," alisema. "Hakuna mwingine wa kumwitikia. Mkinichambua zaidi ya hapo mtanitoa damu."

"Basi tusaidie. Zeze tumpe nani?"

"Sitaki kulisikia likipigwa. Wala sitaki kusikia kwamba limechomwa. Mambo yenu hayo." Akaenda zake.

Wazee waligawanyika. Mmoja alisema apewe Ndahani, kwa kuwa bila yeye chombo kitakuwa kibuyu na kijiti tu. Mwingine akasema apewe Nyemo, kwa kuwa mwenye kuogopa kosa asingemfikia Chihoma. Wa tatu alisema apewe Mbeleje, kwa kuwa neno la marehemu halikuchagua fundi wala mwenye machozi; lilisema atakayemwingiza. Wakanyanyuka bila kuamua, na mavumbi ya matakoni tu, zeze likatundikwa kwenye boriti ya tembe lisiguswe na mtu.

Lingali huko. Chini yake wanakaa watatu ambao hawasemezani. Ndahani hagusi zeze jingine. Watu wakija kumwalika harusini, anawaambia hana chombo. Nyemo hajarudi Morogoro, na mumewe ameacha kutuma salamu. Mbeleje anapika peke yake, na kila anapopungukiwa na kuni, hutazama juu. Ndani ya nyumba moja kuna meko matatu, kila mtu na lake, na wapita njia wakiona moshi wa namna hiyo hawapigi hodi.

Mkono ulimfanya mfu amwite mtoto. Moyo ulilitafuta jina ambalo mkono haukuwa nalo. Sikio liliilinda nafasi ambayo hao wawili waliifungua, na lisingeilinda, ingezibwa. Ondoeni mmoja, Mzee Madeje hafunikwi.

Sasa ninyi mnaosikia, msimsemee Chihoma; yeye amekwisha kusema. Mmoja wenu apande, alishushe lile zeze kutoka boritini, ageuke awatazame wote watatu usoni. Je, wewe ungelikabidhi kwa nani, na wale wawili ungewaambia neno gani?